Maziwa yasitusahaulishe maji ya ardhini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu kauli ambayo kila kiangazi naisikia hapa Dodoma, kwamba nchi yenye maziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa haina sababu ya kulia shida ya maji. Nami niliwahi kuiamini.

Kauli hiyo inahesabu maji bila kuuliza yako wapi. Kati ya maji yote ya dunia, maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ni takriban asilimia 2.5 tu, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yameganda kuwa barafu, hasa Antaktika na Greenland. Karibu yote yanayobaki yamo chini ya ardhi, hivyo maziwa na mito tunayojivunia haifikishi hata asilimia moja ya maji baridi.

Ni kweli kwamba Ziwa Tanganyika peke yake lina takriban moja ya sita ya maji baridi ya juu ya ardhi yasiyoganda. Lakini maji hayo yamelala katika bonde lenye kina cha karibu mita 1,470, magharibi kabisa mwa nchi, tunayamiliki pamoja na Kongo, Burundi na Zambia, na sehemu kubwa ya yanayoingia kila mwaka huishia kuwa mvuke. Sipingi mabomba ya Ziwa Victoria, ambayo yameshafika Shinyanga na Tabora.

Ninachosema ni kwamba Dodoma imekuwa ikinywa maji ya visima vya Makutupora kwa miongo mingi, na vipimo vya kina cha maji visimani vilivyoanza kuchukuliwa huko katika miaka ya 1950 vinaonyesha kuwa akiba hiyo haijazwi kila masika. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Nino ya 1997/98, kisha hupita miaka ambayo pampu zinavuta na ardhi haipokei kitu. Mji nao unakua.

Kwa hiyo naomba wahusika, wanapotangaza idadi ya visima vipya, watangaze pia kina cha maji katika visima vya zamani kila mwaka, na maeneo ambako mvua huzama kuelekea Makutupora yawekewe mipaka kabla viwanja havijapimwa juu yake.

Msomaji wako,
Dodoma