Linux haikatai simu: jibu kwa safu yenu ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye safu yenu ya kompyuta, ambamo mwandishi aliwashauri wasomaji wanaotumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, warudi kwenye Windows iwapo wanaingia kwenye intaneti kwa kupiga simu, kwa madai kwamba mfumo huo hauzitambui modemu, yaani vifaa vya kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mashine za shule na ofisi ndogo ambazo zimehamia Linux kwa kukwepa gharama za leseni, au kwa kuvutiwa na Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitoa mwaka 2004. Ushauri ule utawaingiza watu hawa katika gharama zisizo za lazima, kwa kuwa mara nyingi kasoro haiko kwenye mfumo, na pale ilipo huwa pameandikwa waziwazi kwenye skrini, ila hapasomwi.

Nianze na jambo ambalo mwandishi hakukosea. Zipo modemu ambazo Linux haiwezi kuzitumia moja kwa moja zikitoka dukani, nazo ni zile kadi za bei nafuu za kuchomeka ndani ya kompyuta ambazo mafundi tunaziita winmodemu. Modemu kamili hufanya kazi yake yenyewe: inazo chipu za kugeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, na kompyuta huiamrisha tu kwa zile amri za AT zilizoletwa na kampuni ya Hayes mwaka 1981. Winmodemu imepunguziwa kazi hiyo, yote au sehemu yake, ikabebeshwa prosesa ya kompyuta kupitia draiva (programu ya kuendesha kifaa) ambayo mtengenezaji kwa kawaida huiandika kwa ajili ya Windows peke yake. Hapo mtu akisema kadi yake haionekani kwenye Linux, simbishii.

Hata hivyo, winmodemu nazo si za aina moja. Amri ya lspci huonyesha chipu iliyomo ndani, na jina la chipu ndilo huamua kama kuna tumaini au hakuna. Jina la kampuni lililopambwa juu ya sanduku halisaidii kitu. Chipu nyingi za Lucent zilikuwa na draiva iliyoitwa ltmodem. Za Smart Link huendeshwa na programu ya slmodemd, ambayo hutengeneza kifaa kinachoitwa /dev/ttySL0. Za Conexant zina draiva ya kampuni ya Linuxant, ambayo ukiitumia bure imefungwa kwenye kasi ya kilobiti 14.4 kwa sekunde mpaka uilipie. Ni kero, lakini barua pepe zinapita. Modemu ya nje inayounganishwa kwa waya wa pini 9 haina maneno: Linux huiona kwa jina la /dev/ttyS0 ikiwa imechomekwa mahali ambapo Windows hupaita COM1, au /dev/ttyS1 ikiwa ni COM2. Kwa zile za USB inafaa kuuliza kabla ya kulipa, maana baadhi ni modemu kamili zinazojitokeza kama /dev/ttyACM0 bila kuhitaji chochote, na nyingine ni winmodemu zilizobadilishiwa vazi tu.

Lawama yangu ya kwanza, kwa hiyo, naipeleka kwa wenye maduka. Mteja anauziwa sanduku lenye maandishi makubwa ya 56K na V.92, yaani kasi na kanuni ya modemu, lisilotaja chipu popote, na akirudi kuuliza anaambiwa kwamba tatizo ni hiyo Linux yake. Duka linaloagiza bidhaa kwa wingi linajua, au linaweza kujua kwa dakika chache, ni chipu gani imo katika kadi inazouza.

Sasa nije kwenye modemu nzima, zinazotambulika, ambazo bado wenyewe wanalalamika kwamba haziunganishi. Hapa ndipo makala yenu ilipopotosha zaidi, kwa sababu ilizichanganya hitilafu za kila namna na kuzipa jina moja. Simu ya intaneti hupita hatua kadhaa, na kila hatua ina namna yake ya kulalamika. Kipimo cha kwanza ni kufungua minicom, programu ya kuzungumza na modemu, kuandika AT na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Modemu ikijibu OK, basi baina ya kompyuta na modemu hakuna tatizo tena, na anayeendelea kubadilisha draiva baada ya kuiona OK anajitafutia kazi. Isipojibu, mtu ahakikishe kwanza kwamba anazungumza na mlango ulio sahihi. Programu ya wvdialconf itamtafutia yenyewe. Na ikiwa root, yaani msimamizi wa mashine, anaweza kupiga simu ilhali mtumiaji wa kawaida anaambiwa Permission denied (hana ruhusa), dawa ni kumwingiza mtumiaji huyo katika kundi la dialout kwa Debian na Ubuntu, au uucp kwa Red Hat za zamani.

Hatua ya pili ni laini. Ujumbe wa NO DIALTONE unasema kwamba modemu imeinua simu na haikusikia mlio inaoutarajia. Wakati mwingine waya umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulifikiria mwisho. Lakini katika ofisi zenye swichibodi mlio wa ndani hautoki sawa na ule wa laini ya nje, na modemu husubiri mpaka ikate tamaa. Ukiongeza X3 kwenye mstari wa maandalizi ndani ya /etc/wvdial.conf, faili ya wvdial, programu inayopiga simu, modemu itapiga bila kuusubiri mlio; na kama laini ya nje hupatikana kwa kubonyeza 9, huwekwa 9 na alama ya mkato kabla ya namba, ili modemu ipumzike kidogo kabla ya kuendelea. Jambo jingine linalotuhusu sana huku kwetu ni radi. Msimu wa mvua modemu nyingi huungua kwa umeme unaoingia kupitia waya wa simu, na baadhi yake huendelea kujibu OK kwa kompyuta ingawa upande wa laini umekwisha kufa. Hiyo hata ukiihamishia kwenye Windows haitapona.

BUSY, yaani namba inatumika, inajieleza yenyewe. NO CARRIER, yaani muunganisho haukupatikana au umekatika, inahitaji sikio: ukisikia modemu mbili zikilia kisha zikanyamaza bila kuafikiana, mara nyingi laini ina kelele. Kasi ya 56K chini ya kanuni ya V.90 hupatikana tu pale ambapo mtoa huduma ameunganishwa kidijitali na mtandao wa simu na mawimbi yanabadilishwa mara moja tu njiani. Pasipokuwa hivyo, kikomo ni kilobiti 33.6, na kwenye nyaya za shaba zilizochoka ni chini ya hapo. Modemu inayong'ang'ania kasi kubwa kwenye laini mbovu hukatika ovyo, na ni afadhali kuilazimisha ishuke. Kwa chipu za Conexant amri yake ni AT+MS=V34; chipu nyingine zina amri zao, nazo zimo kwenye kitabu cha modemu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowatoa watu jasho, na ndiyo inayowamalizia fedha, kwa sababu simu imekwisha kupokelewa na dakika zinahesabiwa hata kama hakuna kurasa hata moja iliyofunguka. Hapa modemu imemaliza kazi yake na kazi ni ya pppd, programu inayopatana na seva ya mtoa huduma kwa PPP, kanuni ya kupitisha intaneti kwenye simu. Huandika mwenendo wake katika /var/log/messages, au /var/log/syslog kwa Debian za kabla ya toleo la 12, na ukiiongezea neno debug katika /etc/ppp/options itakueleza mpaka uchoke. Kuna ujumbe unaosema Serial line is looped back. Asiyeujua hudhani modemu imeharibika, kumbe maana yake ni kwamba seva ya upande wa pili bado inasubiri uandike jina na neno la siri kwa maandishi ya kawaida, na kila pppd inachotuma inarudishiwa kama mwangwi. Dawa ni kuitaka wvdial, au programu ya chat, itume kwanza jina na neno la siri, ndipo pppd ianze. Kinyume chake pia hutokea: seva iko tayari kuzungumza PPP tangu mwanzo, lakini wvdial inasubiri kuulizwa jina ambalo hakuna wa kuliuliza. Kwa hali hiyo huandikwa Stupid Mode = yes kwenye faili ya wvdial, jina ambalo naamini aliyelichagua alikuwa amechoka siku hiyo.

Ujumbe mwingine umewapotosha watu wengi zaidi, na kwa namna makala ile ilivyoeleza, nahisi ndio uliompotosha mwandishi wenu. Unaanza kwa maneno The remote system is required to authenticate itself. Msomaji anaona habari za kujitambulisha, anafikiri neno lake la siri limekataliwa, anampigia mtoa huduma, anapewa neno jipya, na hali inabaki ileile. Ujumbe huo unasema jambo tofauti kabisa: ni kompyuta yake mwenyewe inayoitaka seva ya mtoa huduma ijitambulishe kwake, na seva hizo kwa kawaida hazifanyi hivyo. Hutokea hasa kwenye mashine ambayo tayari ina njia nyingine ya kutokea, kwa mfano kadi ya mtandao wa shule. Neno moja, noauth, likiwekwa katika chaguo za pppd linamaliza shauri. Neno la siri likiwa limekataliwa kweli, pppd husema hivyo na kufunga kwa namba 19. Hapo aangalie kama jina linapaswa kuandikwa pamoja na alama ya @ na jina la mtoa huduma, na kama neno la siri lina alama ya #, alizungushie alama za kunukuu katika /etc/ppp/pap-secrets, kwa kuwa bila hizo kila kinachofuata alama hiyo huhesabiwa kuwa maelezo tu na hakisomwi.

Ya mwisho ni pale ambapo muunganisho umekamilika, anwani ya IP imetolewa, na bado kivinjari hakifungui kitu. Tumia amri ya ping, inayopima kama seva inajibu, kwa namba ya seva, si kwa jina. Namba ikijibu na jina lisijibu, kilichokosekana ni anwani za DNS (seva zinazogeuza majina kuwa namba) katika /etc/resolv.conf, na chaguo la usepeerdns litaziomba kwa mtoa huduma. Hata namba isipojibu, tafuta kwenye kumbukumbu ujumbe kwamba pppd haikubadilisha njia iliyopo ya eth0, yaani ya kadi ya mtandao. Kwenye maabara za shule hili nalikuta mara kwa mara: mtu ameweka anwani ya lango kwenye kadi ya mtandao wa ndani, ambao hautoki nje ya ukuta wa darasa, na kompyuta inapeleka kila kitu huko wakati simu iko hewani na bili inapanda. Lango hilo likifutwa na simu ikapigwa upya, kurasa zinafunguka.

Ndugu Mhariri, mtaona kwamba katika yote haya mtumiaji anahitaji kujua mambo machache kutoka kwa mtoa huduma: namba ya kupiga, kama seva inataka PAP (kujitambulisha ndani ya PPP yenyewe) au jina kwa maandishi, jina la mtumiaji liandikwe kwa sura gani, na anwani mbili za DNS. Mambo haya yanaenea kwenye kipande cha karatasi. Lakini anayepiga simu ya huduma kwa wateja akathubutu kulitaja jina la Linux huambiwa kwamba mfumo huo hauhudumiwi, kisha simu inakatwa, kana kwamba seva yao inajali kuna mfumo gani upande wa pili wa laini. PPP ni kanuni ya wazi, na toleo linalotumika limechapishwa tangu mwaka 1994. Nawaomba watoa huduma wayachapishe mambo hayo manne kwenye risiti ya malipo ya mwezi, na wenye maduka waandike jina la chipu ubavuni mwa sanduku.

Kuhusu mwandishi wa safu yenu, sina ugomvi naye. Akipenda, katika toleo lijalo achapishe kile ambacho lspci inasema kuhusu modemu yake, pamoja na mistari ya mwisho ya /var/log/messages baada ya simu yake kukatika, akiwa amefuta neno lake la siri. Mafundi tunaosoma gazeti hili tupo mikoa mingi, na kasoro yake tutamwambia iko wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa kompyuta,
Morogoro