Picha yako ya ukutani imekuwa njano au imechuja?

Kabla ya kulaumu wino, tazama ukingo mweupe wa picha, pale ambapo printa haikugusa. Ukingo ukiwa wa njano na rangi bado zimekolea, kilichochoka ni karatasi. Weupe mkali wa karatasi nyingi za picha hutokana na kemikali ya kung'arisha, ya jamii ile inayotiwa kwenye sabuni za kufulia. Hunasa miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Jua likiimaliza, inabaki rangi asilia ya karatasi, nayo si nyeupe sana.

Njano inayoanzia pembeni, hata kwa picha iliyofichwa kabatini, ina asili nyingine: mvuke wa gundi, boksi au mfuko wa plastiki. Karatasi zinazokauka papo hapo zina vitundu vidogo mno. Ndivyo vinavyonyonya wino haraka, na ndivyo vinavyonyonya uchafu wa hewani.

Ozoni, gesi iliyomo hewani, nayo hupita humo humo. Wino wa saiani (buluu ya kijani) mara nyingi ndio hutangulia kufa, na nyuso za watu zinageuka rangi ya chungwa. Picha isiyo na kioo iliyo chini ya feni huumia upesi, maana hewa mpya inaipitia mchana kutwa.

Kwa hiyo weka kioo, ila usikimbilie. Acha picha ikauke saa 24, kisha ifunike kwa karatasi ya kawaida ya printa saa 24 nyingine. Karatasi hiyo ikijikunja au kuwa na mawimbi, weka nyingine. Ukifunga mapema, vimiminika vya wino vitapanda na kuacha ukungu ndani ya kioo. Kioo kisiguse picha: acha nafasi ya milimita 2 hivi kwa kadi isiyo na asidi, la sivyo kwenye unyevu kama wa Mombasa au Dar picha itaganda kwenye kioo. Nyuma pia weka kadi hiyo, maana fundi wengi huweka hadibodi tupu. Selotepu usiitumie kabisa.

Kioo cha kawaida hakizuii mwanga, hivyo ukuta unaopigwa na jua la jioni haufai hata kwa fremu ya bei mbaya. Picha ya kukaa miaka mingi iagize kwa wino wa pigmenti: rangi yake ni chembe ngumu, hazishambuliwi kirahisi kama wino ulioyeyushwa majini.

Iliyokwisha kuchuja hairudi, tunaichapa upya. Usifute faili.