Kuta za Dar es Salaam wapewe wachoraji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kuhusu kuta na nguzo za jiji letu. Tangu Daraja la Mfugale lifunguliwe pale Tazara mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, abiria waliokwama kwenye foleni wamekuwa wakitazama zege tupu lililoshika vumbi na moshi, wakati kuta za jirani zimeandikwa "Usikojoe hapa" kwa herufi kubwa ambazo hazimzuii mtu.

Sisemi kwamba jiji halina rangi. Maduka mengi yamepakwa kuanzia msingi hadi paa rangi za kampuni za simu na za soda, kwa hiyo rangi ipo tele. Kinachokosekana ni picha isiyouza kitu.

Wachoraji nao tunao. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora ndege na wanyama kwa rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli, na waliofuata mtindo wake bado wanafanya kazi Oysterbay, lakini nyingi ya picha hizo huondoka nchini ndani ya mabegi ya watalii, na mtoto wa Temeke hazioni. Wapo pia mafundi waliokuwa wakichora vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye kuta za vinyozi, ambao mabango ya kuchapwa yamewapunguzia riziki.

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, imedumu kwa sababu ni ya shaba. Picha ya ukutani haina umri huo: zege lisipopakwa praima, yaani rangi ya msingi, hunyonya rangi, nayo hewa ya chumvi huibambua. Kwa hiyo bajeti ya marekebisho ipangwe kabla ya brashi ya kwanza kuchovywa, la sivyo tutabaki na madoa mabaya kuliko zege lenyewe.

Napendekeza manispaa na TANROADS, wakala wa barabara, waanze na nguzo za Tazara, washindanishe michoro kwa uwazi, wawasikilize wakazi kuhusu kitakachochorwa, na wamlipe mchoraji ujira kamili badala ya kumpa cheti na fulana. Mfadhili akipatikana, na akaribishwe, ila nembo yake isizidi ukubwa wa sahani.

Wako,
Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam