Barua kwa mwanangu kabla ya kura yako ya kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027 utakukuta na kitambulisho mfukoni, na simu yako itakuwa imefurika video, sauti na picha za fomu hata kabla hujafika kwenye foleni. Ukipokea chochote, jiulize: hiki kikiaminika, nani atapoteza haki gani? Anayeeneza kwamba kura ya Kibra imeahirishwa hadi Alhamisi anawapokonya watu haki ya kupiga kura, iliyo katika Kifungu cha 38 cha Katiba, bila kumgusa mtu. Anayeeneza kwamba majirani wa kabila fulani wananoa mapanga anatafuta damu. SMS za namna hiyo zilizunguka wakati wa vurugu za 2007 na 2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100, na WhatsApp ilikuwa haijazaliwa.

Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya kura za urais katika kila kituo, ndiyo ya kuijua vizuri. Usikimbilie kura za mgombea wako. Anza na jina la kituo na nambari yake, kisha idadi ya waliojiandikisha. Sheria ya uchaguzi inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kituo, basi fomu yenye kura 912 imejiumbua yenyewe. Jumlisha kura za wagombea wote uone kama zinalingana na kura halali zilizoandikwa. Hesabu ikipishana kwa kura mbili tatu, usipige mayowe. Msimamizi aliyekesha hukosea kujumlisha. Cha kutilia shaka zaidi ni tarakimu zenye mwandiko au wino tofauti na fomu nyingine, au picha iliyokatwa pale pale penye jina la kituo. Kisha tafuta fomu ya kituo hicho kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, uzilinganishe. Mwaka 2022 tume iliziweka hadharani, na madai ya fomu zilizobadilishwa yalipofika Mahakama ya Juu, nakala asilia zililinganishwa na za kwenye tovuti, isionekane tofauti ya maana. Ukiwa karibu, nenda ukatazame mlangoni pa kituo, maana nakala hubandikwa hapo.

Kuhusu video, watu wanaogopa akili bandia kupita kiasi. Nyingi zinazopotosha ni video halisi za mwaka mwingine, au za nchi nyingine kabisa, zilizopewa maelezo mapya. Simamisha video mara tatu, hasa panapoonekana bango, namba ya gari au sare ya polisi, piga picha ya skrini, uitafute kwa Google Lens, programu ya kutafuta picha mtandaoni. Matokeo yakikupa picha hiyo hiyo ya miaka mitatu iliyopita, kazi imekwisha. Lens ikikosa kitu, hiyo haithibitishi kwamba video ni ya kweli.

Sauti ndizo ngumu. Rekodi ikishapita WhatsApp mara kadhaa hubanwa, na alama ambazo programu za kutambua sauti bandia huzitegemea hupotea. Kwa hiyo usiiamini programu inayokupa asilimia. Tafuta aliyeitoa kwanza na mahali ilipotolewa. Kama hakuna anayejulikana, iache hapo.

Kuna jambo ambalo wasichana wenzako watakutana nalo zaidi: picha za utupu zilizotengenezwa kwa kompyuta ili mwanamke aache siasa. Likimpata mmoja wenu, msiisambaze picha hata kwa nia ya kumtetea. Hifadhini kiungo, jina la akaunti, tarehe na saa, kisha mripoti kwa jukwaa lenyewe na polisi. Aliyetimiza miaka 18 anaweza kutumia StopNCII.org: alama ya tarakimu ya picha hutengenezwa kwenye simu yake, picha yenyewe haitoki, na majukwaa yaliyojiunga huitumia alama hiyo kuizuia. Malalamiko pia hupokelewa na Kamishna wa Kulinda Data, na sheria ya 2019 inampa siku 90 kuyamaliza.

Lakini usimshangilie kila anayetaka uongo uadhibiwe kwa jela. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa uongo wa kuzua taharuki, na wanablogu wakaenda mahakamani kuipinga mwaka huo huo. Anayeamua kipi ni uongo mara nyingi ndiye anayekosolewa. Mimi naona bora mtu akanushwe kwa ushahidi.

Kwenye kikundi cha ukoo, baba mkubwa akituma fomu ya kughushi, usimsahihishe mbele ya wajukuu. Mtumie faraghani kiungo cha fomu halisi, useme, “Shikamoo baba mkubwa, hii nimeiona tofauti.” Mwombe aifute kwa wote mapema, maana WhatsApp huruhusu hivyo kwa siku mbili hivi tu. Baada ya hapo itabidi wewe mwenyewe uweke fomu halisi kikundini, bila kumtaja jina.

Mama