Dereva, geuza shingo kabla ya kuhama njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu namna tunavyoendesha magari hapa Arusha, hususan katika barabara ya njia nne inayotoka Sakina hadi Tengeru, ambayo mimi huipita karibu kila siku nikiwa na Noah yangu. Jambo lenyewe ni tabia ya kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine kwa kuamini kioo peke yake. Nalisema nikiwa mkosaji, maana kilichonifanya nishike kalamu ni kosa langu mwenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa natoka Sanawari kuelekea Tengeru. Nilikuwa nimeingia njia ya kulia kwa sababu vifodi viwili vilisimama kushoto vikishusha abiria, na nilipokaribia Ngulelo nikataka kurudi kushoto. Nikatazama kioo cha ndani, nikatazama cha pembeni, nikaona peupe, nikawasha indiketa na papo hapo nikakata usukani. Nikasikia kishindo cha plastiki na mtu akipiga ukelele. Kioo changu cha kushoto kilikuwa kimejikunja hadi kugusa mlango, na kilichokikunja ni kiwiko cha dereva wa bodaboda aliyembeba mama mwenye mtoto mgongoni. Ni kioo kile kile ambacho nukta chache kabla kilikuwa kimeniambia hakuna mtu.

Kwa rehema za Mungu hakuanguka yeyote. Tulisimama kando, kijana akavua kofia yake ngumu, akasogea dirishani, na pamoja na hasira zote alizokuwa nazo alianza kwa kunisalimu. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba kwa sauti iliyokwama kooni. "Mzee, hukuniona?" Nikamjibu kwamba kweli sikumwona, na nikamuuliza ametokea wapi. "Sijatokea popote, mzee wangu. Niko na wewe tangu kituo kilichopita." Mama yule hakusema neno. Alikuwa anakaza upya kanga aliyombebea mtoto, na mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Ametokea wapi huyu?" ndilo swali letu sote madereva wa magari, na mara nyingi tunaliuliza kwa namna ya kumshutumu mwenzetu wa pikipiki, kana kwamba ana uchawi wa kuibuka kutoka ardhini. Sikatai kwamba wako bodaboda wanaopenya pasipopenyeka. Lakini jibu la kijana yule lilinikera kwa siku kadhaa, kwa sababu kama alikuwa pamoja nami tangu kituo kilichopita, basi mwenye kuulizwa ni mimi. Nikaamua kujaribu nyumbani.

Nililiegesha gari uani, nikakaa kwenye usukani kama ninavyokaa siku zote, nikamwomba mjukuu wangu aweke ndoo nyekundu kichwani na atembee taratibu kutoka nyuma ya gari, ubavu wa kushoto, umbali wa hatua mbili hivi kutoka kwenye bodi, huku akihesabu hatua zake kwa sauti. Nilimwona vizuri kwenye kioo cha ndani, kisha akahamia kwenye kioo cha pembeni, ndoo ikang'aa kabisa. Alipofika usawa wa tairi la nyuma akatoweka. Nilisikia "moja, mbili, tatu, nne, tano" za mtoto nisiyemwona, ndipo ndoo ikachomoza kwenye pembe ya jicho langu karibu na dirisha la abiria wa mbele. Hatua tano za mtoto wa miaka tisa si ndefu, lakini pikipiki pamoja na abiria wake inaenea humo bila kubakisha hata tairi. Upande wa kulia, ambako ndiko anakokaa dereva, alipotea pia, ila kwa muda mfupi zaidi.

Hilo ndilo eneo ambalo wenye kujua hulitaja kuwa sehemu kipofu ya gari. Kila gari linalo, liwe dogo au kubwa. Linatokana na umbo la gari lenyewe: nguzo zinazoshikilia paa, viegemeo vya vichwa na abiria waliokaa nyuma huzuia jicho, na kioo nacho kinaonyesha kipande tu cha kilichopo ubavuni. Kwetu sisi tunaoendesha kwa usukani wa kulia, upande wa kushoto ndio mbaya zaidi, kwa sababu uko mbali na jicho na kati yake na dereva wapo watu, mizigo, na pengine shangazi mwenye kilemba kikubwa. Na upande huo huo wa kushoto ndio wanakopita bodaboda, bajaji, baiskeli na maguta. Kioo cha kushoto chenyewe mara nyingi kina uvimbe kidogo ili kichukue eneo pana, na kwa sababu hiyo humwonyesha aliye nyuma kuwa mdogo na mbali kuliko alivyo.

Nikataka kuelewa pia ni vipi mtu akae katika maficho hayo tangu kituo hadi kituo. Nilipofanya hesabu ndipo nikaona nilivyokuwa nafikiri kinyume. Tuseme mimi naenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria zetu katika maeneo ya makazi, na maficho yangu yana urefu wa mita 5. Bodaboda anayekuja kwa kilomita 70 atayavuka kwa chini ya sekunde moja, kwa hiyo yule tunayemwogopa kwa fujo yake huonekana mapema na hupita upesi. Anayekwenda kilomita 52 atakaa humo karibu sekunde 9. Anayekwenda sawasawa na mimi, kwa adabu zote, akiwa amembeba mama na mtoto na hataki kukimbia, anaweza kukaa humo hadi Tengeru. Mtulivu ndiye aliyefichika zaidi, na ndiye niliyemgonga.

Sasa kuhusu vioo. Wengi wetu tumeviweka vibaya, nami nilikuwa mmoja wao. Tunapenda kuona ubavu wa gari letu wenyewe umejaa robo ya kioo, sijui kwa kuogopa usije ukaibiwa. Mwaka 1995 mtu aitwaye George Platzer aliwaeleza wahandisi wa magari huko Marekani njia nyepesi ya kupunguza maficho hayo, nami nimeigeuza ifuate usukani wetu wa kulia. Sogeza kichwa hadi kikaribie kioo cha dirisha la kulia, kisha rekebisha kioo cha nje cha kulia hadi uone ncha tu ya ubavu wa gari. Halafu inamisha kichwa kuelekea katikati ya gari, usawa wa kioo cha ndani, na ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Ukirudi kukaa wima hutauona tena ubavu wako, na siku mbili za kwanza utajihisi kama umepotea. Lakini gari linalokupita litatoka kioo cha ndani, litaingia cha pembeni, na kabla halijatoka humo utakuwa umeshaliona kwa pembe ya jicho. Nilimrudisha mjukuu na ndoo yake. Safari hii alipotea kwa hatua mbili tu.

Hatua mbili, hata hivyo, si sifuri, na pikipiki ni nyembamba. Ndiyo maana nasema kioo kikishamaliza kazi yake dereva ageuze shingo. Sizungumzii kugeuza kiwiliwili kama mtu anayetafuta kitu kiti cha nyuma. Ni kidevu kuelekea begani, jicho lipite kwenye dirisha la nyuma la pembeni, kisha lirudi mbele, yote kwa muda usiofika sekunde moja. Ni kweli kwamba kwa kilomita 50 kwa saa gari hutembea kama mita 14 katika sekunde moja, na hapo ndipo wapinzani wa shingo wanaposhikilia hoja yao. Jibu langu ni kwamba usigeuze shingo ukiwa umebanana na Fuso iliyo mbele yako. Jipe nafasi kwanza. Pia uangalie mikono, kwa maana dereva mgeni akitazama kushoto na usukani nao humfuata kushoto. Hilo linahitaji mazoezi.

Nina malalamiko hapa. Binti yangu anajifunza katika chuo kimoja cha udereva hapa mjini, ambacho sitakitaja. Aliporudi siku ya tatu nikamwomba anionyeshe anavyohama njia, naye akafanya kila kitu kwa vioo bila kichwa kusogea. Nilipomuuliza akasema mwalimu amewakataza kugeuka, kwa sababu "dereva anatazama mbele." Namheshimu mwalimu huyo, na huenda anafundisha kama alivyofundishwa yeye, wakati barabara zetu nyingi zilikuwa za kwenda na kurudi tu na hapakuwa na mtu wa kukaa ubavuni mwako kilomita nzima. Leo tuna njia mbili kila upande, na mafunzo yaliyobaki nyuma ya barabara yanatuletea madereva wenye leseni halali na shingo za mti.

Indiketa nayo tumeipa maana isiyo yake. Wengi huiwasha wakiwa tayari wameshakata usukani, kama nilivyofanya mimi Ngulelo, halafu wanashangaa kupigiwa honi ilhali "nimewasha taa". Indiketa ni hodi, na mbisha hodi mstaarabu husubiri aitikiwe karibu. Iwashe mapema, ihesabu mara tatu au nne inavyogonga, tazama vioo, geuza shingo, ndipo uhame.

Watu wa daladala tunawalaumu kwa mengi, lakini katika hili wana neema ambayo sisi hatuna. Konda aliyeko mlangoni ni jicho la pili la dereva, tena liko upande ule ule wa kushoto. Nimekaa mara nyingi kiti cha mbele na kumsikia akigonga bodi kwa kiganja na kupaza sauti kwamba kuna pikipiki, subiri. Sisi tunaoendesha peke yetu hatuna wa kutugongea.

Baada ya Tengeru, mtu anapoelekea Usa River na Moshi kwenye barabara ya kwenda na kurudi, hatari huhamia kulia. Ukiwa nyuma ya lori na ukataka kulipita, inawezekana aliye nyuma yako ameshaanza kukupita wewe, na wakati huo yuko katika maficho ya upande wako wa kulia. Dereva huwa amekazia macho kule mbele, anapima kama gari linalokuja liko mbali, na husahau kabisa ubavu wake. Hapo shingo inahitajika kuliko popote pengine, kwa sababu mnaweza kukutana watatu katika nafasi ya mmoja.

Kwa ndugu zangu wa bodaboda nina ombi moja. Usikae usawa wa tairi la nyuma la gari ukaridhika. Mpite au baki nyuma yake. Na ukitaka kujua kama dereva anakuona, tafuta uso wake kwenye kioo chake. Usipouona, naye hakuoni. Kwa semi na mabasi makubwa kanuni hiyo ni ya lazima zaidi, maana maficho yao yanameza gari zima. Kijana wa Ngulelo, nilipomwuliza kama yeye alikuwa ameniona naanza kuhama, alisema aliiona indiketa ikiwaka pamoja na gari likiinama. Pikipiki yake nayo ilikuwa imebaki na kioo kimoja, lakini sikuwa na uso wa kulisema hilo siku ile.

Kwa wazee wenzangu ambao shingo zimeanza kukataa amri, mimi nina miaka 61 na asubuhi za baridi ya Meru shingo yangu hugeuka kwa awamu. Nimenunua vile vioo vidogo vya duara vya kubandika kwenye pembe ya kioo cha pembeni, na vinasaidia, ingawa kinachoonekana humo ni kidogo kama punje. Magari mapya zaidi yana taa ndogo inayowaka kwenye kioo kunapokuwa na kitu ubavuni. Jirani yangu anayo katika gari lake alilolitoa Japani, na kwa miezi minne aliidhani ni hitilafu ya umeme.

Ninachowaomba wasimamizi wa vyuo vya udereva na wale wanaotahini ni kwamba kugeuza shingo kabla ya kuhama njia kufundishwe, na mwanafunzi asiyefanya hivyo asipewe alama za kipengele hicho. Binti yangu anafanya mtihani mwezi ujao. Nimemwambia ageuke hata kama mtahini atamkata alama kwa kutotazama mbele, na akimkata, nitakwenda mwenyewe na mjukuu wangu na ndoo yake nyekundu tukaombe maelezo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzee mwenye Noah,
Sakina, Arusha.