Reli ya Liganga: tuulize pia behewa na mashine ya kushindilia

Ndugu Mhariri,

Kila zinapotoka habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay na matawi yake ya Liganga na Mchuchuma, hesabu inayotajwa ni ya kilomita na vichwa vya treni. Behewa lenyewe la kubebea mawe ya chuma halitajwi, wala mashine zitakazoitunza njia utepe ukishakatwa. Naomba nafasi niyaseme hayo mawili.

Liganga ina chuma, Mchuchuma ina makaa ya mawe, na zote ziko Ludewa. Atatokea mtu aseme tununue behewa la aina moja, libebe vyote. Tufanye hesabu. Behewa la ekseli nne, kila ekseli ikibeba tani 30, lina uzito wa tani 120 likiwa limejaa. Toa tani 20 za behewa lenyewe, mzigo unabaki tani 100. Mawe ya chuma yaliyopondwa yana uzito wa tani 2.5 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tani 100 zinataka mita za ujazo 40 tu. Makaa hayafiki hata tani moja. Kwa tani 0.85, mzigo uleule unataka mita za ujazo 118. Behewa la makaa likijazwa chuma hadi ukingoni lingebeba karibu tani 300, na hakuna reli ya kulihimili. Opereta wa mashine ya kupakia akizidisha robo tu ya hapo panapotakiwa, tayari ekseli imevuka kiwango, na kwa macho behewa linaonekana halijafika hata nusu. Ndiyo maana mabehewa ya chuma duniani kote ni mafupi, ya kina kifupi, na yanaonekana kama yametoka kiwandani hayajamaliziwa.

La pili ni namna ya kushusha. Kule Pilbara, eneo la migodi ya chuma Australia Magharibi, behewa halifunguliwi, linapinduliwa. Mashine inashika mabehewa mawili kwa pamoja na kuyageuza yakiwa bado yamefungwa kwenye treni. Jambo hilo linawezekana kwa sababu kila jozi ya mabehewa ina kapla (kiungo cha kufungia behewa na behewa) inayozunguka upande mmoja na isiyozunguka upande wa pili. Jozi moja ikitoka karakana ikiwa imegeuzwa, kapla mbili zisizozunguka hukutana, na siku ya kupindua kitu hukatika. Rangi tofauti kwenye ncha inayozunguka ni kinga ya bei ya kopo la rangi. Njia nyingine ni milango ya chini, ambayo haihitaji mashine kubwa bandarini. Ila mvua za nyanda za juu kusini zitalowesha unga wa chuma, nao unga mbichi hung'ang'ania pembeni na kwenye miteremko ya ndani. Tani tatu zikibaki kila safari, treni ya mabehewa 60 inarudi mgodini na tani 180 za mzigo uleule, umeme ukiliwa bure. Wanaochagua milango ya chini wadai pembe kali za ndani na bamba laini, na mizani ya kupima mabehewa yanaporudi matupu.

Sasa gurudumu, maana hapa ndipo fedha inapovuja kimyakimya. Gurudumu la treni halina usukani. Uso wake umechongwa kwa mteremko kidogo, na kwenye kona ekseli hujisogeza pembeni ili gurudumu la nje likanyage sehemu yenye kipenyo kikubwa na la ndani ndogo. Uso ukilika katikati ukafanya kibonde, hata cha milimita 3, mchezo huo unaharibika: bogi, yaani fremu inayoshika ekseli chini ya behewa, inakaa mshazari, ukingo wa gurudumu unasaga reli ya nje, na kile kituta kilichobaki upande wa pili kinakandamiza reli ya ndani mahali pasipostahili. Halafu kuna bapa, lile doa linalotokea breki ikishika gurudumu likaburuzwa. Gurudumu la kipenyo cha milimita 914 huzunguka mara 348 kwa kilomita, kwa hiyo kila kilomita reli inapigwa nyundo 348 na gurudumu moja. Beringi, taruma la zege linalolaliwa na reli, na kiungo cha reli vyote vinazipokea. Dawa yake ni mashine ya kuchonga magurudumu iliyochimbiwa chini ya sakafu ya karakana, inayochonga bila kuyang'oa kwenye behewa. Bila hiyo, kila bogi itolewe, isafirishwe, irudishwe, na fundi ataambiwa avumilie bapa mpaka mwezi ujao.

Kuhusu breki, treni yenye mzigo itakuwa ikishuka kutoka milimani kwenda pwani. Kwenye reli ya kubebea chuma ya Kiruna hadi Narvik, kati ya Sweden na Norway, hali ni hiyohiyo, na vichwa vya umeme vinavyoshuka vinarudisha umeme kwenye waya badala ya kuchoma breki. Nasi tudai hivyo. Tusidhani, hata hivyo, kwamba vifaa vya kisasa vinafuta kanuni za zamani. Tarehe 5 Novemba 2018, treni ya kampuni ya madini ya BHP yenye vichwa 4 na mabehewa 268 ilisimama njiani huko Pilbara baada ya waya wa breki za umeme kuachana. Dereva alishuka kukagua. Baada ya saa moja mfumo ulijiachia wenyewe, na treni ikakimbia kilomita 92 bila mtu ndani mpaka ilipoangushwa kwa makusudi. Breki ya upepo ya dharura na breki za mkono za kutosha ndizo zinazoshikilia treni mlimani, na idadi ya breki za mkono kwa kila mteremko iandikwe kwenye kitabu cha dereva, isikadiriwe kwa uzoefu. (Kukagua treni ndefu kwa miguu juu ya kokoto si jambo dogo. Afrika Kusini, kwenye reli ya kilomita 861 ya Sishen hadi Saldanha, vichwa vya treni vya aina ya 9E vilitengenezewa hata nafasi ya kubebea pikipiki ndogo kwa kazi hiyo.)

Mashine za njia ndizo zinazosahaulika kabisa. Kiberenge na genge la watu kumi wenye sururu haviwezi kutunza njia ya tani 30 kwa ekseli. Inatakiwa mashine ya kushindilia kokoto, inayoinua reli na mataruma, inanyoosha, kisha inachomeka kucha za chuma kati ya mataruma, zikitetemeka mara 35 hivi kwa sekunde na kubana kokoto chini ya taruma. Kina cha kucha ndicho siri ya kazi: bamba la kucha lipite milimita 15 hadi 20 chini ya kitako cha taruma. Likiwa juu zaidi linagonga zege. Likizama mno, kokoto za chini zinabanwa na za juu zinabaki legelege, na baada ya treni chache njia imerudi ilipokuwa. Kucha zilizolika hazibani kitu, ila mashine inapita, ripoti inaandikwa, kila mtu anaridhika. Kabla yake ipite mashine ya kusawazisha kokoto, na baada yake ipite tena, la sivyo kucha zitakuwa zinabana hewa.

Pia kuna treni ya kusaga reli, inayoondoa sehemu ya kumi chache za milimita juu ya reli kabla nyufa ndogo hazijashuka chini. Kusaga mapema kidogo kidogo ni rahisi. Ukisubiri nyufa zionekane kwa macho, utabadilisha reli nzima.

Mashine bila nafasi ya kufanya kazi ni pambo. Tuseme njia imefungwa kwa treni kwa muda wa saa tatu ili mashine ifanye kazi. Mashine imelala stesheni iliyo kilomita 40 kutoka eneo la kazi, na inatembea kilomita 60 kwa saa: dakika 80 zimekwenda kwa kwenda na kurudi. Kushusha na kupandisha vifaa, dakika 30. Zinabaki 70. Kwa mwendo wa mita 600 kwa saa, siku nzima imetoa mita 700. Mashine hiyohiyo ikilala kilomita 10 kutoka kazini, inapata dakika 130 na kumaliza mita 1,300. Tofauti ni kinjia cha pembeni cha mita mia mbili tatu, ambacho mkandarasi hukifuta wa kwanza anapoambiwa apunguze gharama.

Kwa hiyo naomba waandishi wako, watakapopata nafasi ya kuwauliza wahusika wa mradi huu, waulize matano: mabehewa mangapi ya chuma na mangapi ya makaa, mashine ya kuchonga magurudumu itawekwa wapi, mashine za kushindilia ni ngapi, na vinjia vya kulaza mashine viko kila baada ya kilomita ngapi, na spea za kucha na mawe ya kusagia zimo ndani ya mkataba au zitaagizwa baadaye.

Wako,
Fundi wa mabehewa na njia,
Mbeya