Dawa ya Jumamosi pale Diani

Hamjambo wote. Jumamosi jioni tutajitengenezea dawa wenyewe, maana bei ya glasi moja hotelini mnaijua. Wageni wa kikundi, jina lisiwatishe: ni kinywaji cha vodka, ndimu, sukari, asali na barafu, binamu wa caipirinha, kinywaji cha pombe na ndimu cha Brazili.

Ndimu moja kwa kila glasi, ikatwe vipande vinane na ganda lake, ipondwe polepole na kijiko cha sukari. Ukiiponda sana ganda linatoa uchungu, kama nilivyowaharibia mara ya mwisho (poleni tena). Kisha barafu tele, vodka mililita 50, halafu kijiti kilichozungushiwa asali. Asali ikigusa barafu hukaza kama gundi, kwa hiyo endelea kukandamiza ndimu kwa kijiti hicho hicho. Utamu unajipimia mwenyewe.

Wasiokunywa pombe, nitaleta madafu na juisi ya ukwaju yenye tangawizi. Madereva, nyinyi pia ni wa ukwaju, tusibishane.

Natafuta mtu wa kuchukua barafu Ukunda saa kumi, aje na ndoo yenye kifuniko. Na vijiti analeta nani?